Naomba ushauri: mageuzi ya China yalianzia kijijini au Beijing?

Wakuu, habari zenu. Naandaa somo la historia ya China kwa kidato cha sita, nimekwama mwaka 1978.

Vitabu vingi vinaanza na kiongozi Deng Xiaoping na mkutano wa Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti wa Desemba. Lakini karibu wakati huohuo, kijijini Xiaogang, mkoani Anhui, wakulima 18 walitia dole kwenye karatasi kwa siri, maana mashamba yalilimwa kwa pamoja chini ya komuni: kila kaya ilime kipande chake, na viongozi wao wakifungwa au kuuawa, waliobaki watawalelea watoto mpaka wafikishe miaka 18. Watu walioonja njaa ya 1959–1961 hawakuwa na utani. Na rasimu ya mkutano uleule ilikuwa bado inakataza kugawia kaya mashamba! Aliyewakingia kifua ni Wan Li, katibu wa chama mkoani.

Nimepanga matukio kwa tarehe, bado hayakai sawa. Wanafunzi watauliza nani alimfuata nani.

Mliobobea: nianze na kijiji au Beijing? Na kufutwa kwa komuni miaka ya 1980 nikueleze kama ushindi wa wakulima, au chama kilibariki tu kilichokwisha kutokea?