Naomba ushauri: linki ya Lamu–Manda inahama chaneli maji yakijaa

Wakuu, linki ni ya intaneti isiyo na waya, masafa ya 5 GHz, Lamu mjini hadi Manda, upana 40 MHz, chaneli 100. Bamvua likijaa, redio inaripoti imesikia rada, inahama chaneli kama kanuni inavyotaka ili isiiingilie rada, inasikiliza sekunde 60 kama kuna rada ndipo irushe; chaneli iliyoachwa inafungwa dakika 30. Kwa kanuni za Ulaya, chaneli 120 hadi 128 ni balaa zaidi: kusikiliza dakika 10 nzima, sababu ya rada za hali ya hewa.

Rada gani hiyo inayofuata maji? Nashuku mwangwi wa mawimbi yetu wenyewe kutoka baharini. Chaneli 36 hadi 48 hazina sharti la kuikwepa rada, ila waifai za mahoteli zimezijaza.

Nipunguze upana hadi 20 MHz pamoja na nguvu ya kurusha, au nishushe dishi moja ili ukuta wa ufukweni ukinge mwangwi?