Je, mwongozo wa maktaba ya Python uahidi usafishaji kupitia __del__?

Swali: Wandugu, napitia rasimu ya mwongozo wa maktaba yetu inayotengeneza faili za muda. Imeandikwa kwamba faili hufutwa na __del__, mbinu ambayo Python huiita inapoondoa kitu (object) kwenye kumbukumbu, mara kitu kinapoacha kutumika. Je, ahadi hiyo ibaki?

Jibu la 1: Iondoeni, ndugu. Nyaraka rasmi za Python zinaeleza kuwa hakuna hakikisho kwamba __del__ itaitwa kwa vitu vilivyobaki programu inapofungwa. CPython, yaani Python ya kawaida, huondoa kitu mara marejeo yake yanapokwisha (hakuna tena kinachokielekezea), na ndiyo maana wengi hudhani hiyo ni kanuni ya lugha, ilhali PyPy, utekelezaji mwingine wa Python, huweza kuchelewa. Mwongozo uanze na with, inayosafisha yenyewe kazi inapoisha, kisha close(), ambayo mtumiaji huiita mwenyewe.

Jibu la 2: Naafiki. weakref.finalize, iliyoingia katika toleo la 3.4 la Python na ambayo huita kazi ya usafishaji kitu kinapoondolewa, iwe kinga ya ziada, lakini onyo hili liandikwe waziwazi: mkiiandikishia self.futa, yaani mbinu ya kitu chenyewe, kitu hakitaachiliwa kabla ya programu kwisha, kwa kuwa finalize yenyewe itakuwa imekishikilia. Ipeni njia ya faili (path) peke yake.

Muuliza swali: Nawashukuru. Na close() ikiitwa mara mbili?

Jibu la 2: Ikiwa ndani yake inaita finalize, mwito wa pili hurudisha None bila kosa. Hilo nalo liandikwe.