Tupeane uzoefu: hedifoni za konsoli za gemu, zipi zimekufaa na zipi zimekutoa jasho?

Bundi wa Usiku
Wakuu, salamu kwenu. Mdogo wangu kanitumia picha ya hedifoni alizonunua kwa mbwembwe, eti leo PlayStation 5 (PS5) itamkoma. Nikazitazama: Bluetooth tupu, hakuna tundu la waya, hakuna kidude cha USB. Mpaka sasa sijamjibu, sijui nianzie wapi. PS5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja, PS4 nayo ilikuwa hivyo hivyo, na Xbox ina mawimbi yake yenyewe. Najua kila mtu hapa ana lake moyoni. Ulinunua nini, kilikukuta nini, sasa unatumia nini? Wenye spika za TV nao wasikae kimya.

Kobe
Mwambie azivae akilala 😂

Fundi Kimya
Bado anaokoleka. Kuna vidude vidogo vya USB, konsoli inaviona kama kifaa cha kawaida cha sauti, halafu vyenyewe vinarusha Bluetooth. Shida ni kuchelewa. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti hadi milisekunde 200 hivi. Kwenye muziki huoni kitu. Kwenye gemu ya kupigana unarusha ngumi, mtu anaanguka, ndipo unasikia "pa". Kuna aptX Low Latency, aina ya Bluetooth ya haraka, inayoshuka hadi karibu 40, lakini lazima kidude na hedifoni vyote viwe nayo. Kimoja kikikosa, mmerudi mlikotoka.

Binti Risasi
Kaka Bundi, mimi na Bluetooth hatujawahi kugombana, niligombana na hizo hizo zinazosifiwa, za mawimbi ya redio ya 2.4 GHz zenye kidude chake cha USB. Ngoja niseme yote leo maana nilikaa nayo rohoni.

Hedifoni nzuri, betri inadumu, maiki safi. Siku za kwanza nikajiona malkia. Halafu ikaanza: sauti inakatika. Na haikatiki hovyo, inachagua wakati. Tukiwa tunazurura ramanini, safi kabisa. Adui akikaribia, mnaanza kusikilizana nani yuko ghorofa ya juu, "krrr" halafu kimya. Wenzangu wakawa wanacheka, wananiita kiziwi wa timu. Kuna mechi tuliyoisubiri wiki nzima, nimebaki peke yangu hai, najua kuna mtu nyuma ya ukuta, nahitaji kusikia vishindo vyake tu. Krrr. Kimya. Nimekufa bila kusikia hata risasi.

Niliyenunua kwake akanibadilishia, mpya ikafanya vile vile. Nikasasisha programu yake, wapi. Nikaambiwa ni simu, nikatoa simu chumbani. Nikaambiwa ni ruta, nikasogeza ruta. Kumbe mchawi ni diski ya nje ya USB 3.0 niliyoweka gemu, imekaa kwenye tundu la pembeni ya kile kidude. Gemu ikianza kuvuta data kwa nguvu kutoka kwenye diski, hapo hapo sauti inakufa. Nimekuja kusoma baadaye kwamba USB 3.0 ikifanya kazi inamwaga kelele za umeme kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz. Nikanunua waya mfupi wa kurefusha USB, kidude nikakiweka mbele juu ya meza. Mpaka leo haijakatika tena. Hedifoni ile ile.

Mtoto wa Juma
Dada umenikumbusha mbali sana. Yangu ilikuwa hivi hivi, nikaigawa bure. Nimeumia upya.

Sikio la Kufa
Ndiyo maana mimi ni mtu wa waya. Waya hauna betri, hauna masafa, hauna "sasisha programu". Chomeka kwenye kontrola, cheza.

Binti Risasi
Na paka akipita? Waya unavuta kontrola, kontrola inavuta mkono.

Sikio la Kufa
Sifugi paka.

Kapteni Benchi
Naomba nichangie kama mpenzi wa sauti. Tatizo la wengi ni kununua kitu chenye neno "gaming" na taa za rangi. Chukua hedifoni za studio za wazi mgongoni, zile zinazopitisha hewa. Sauti inatawanyika, unajua kabisa mtu yuko mbele kushoto au nyuma kushoto. Ukizoea hizo, zile za kuziba utaona umefungiwa kabatini. Ongeza maiki ya kubandika, umemaliza.

Kobe
Na chumba kizima kinasikia unavyouawa.

Sikio la Kufa
Kapteni anacheza peke yake kwenye nyumba ya ghorofa nini? Sisi wengine TV iko sebuleni, mtu anaangalia tamthilia kwenye simu pembeni yako. Za wazi zinaingiza kila kitu. Ushauri wa watu wenye chumba chao.

Kapteni Benchi
Mkuu usinibebeshe maneno. Nimesema kwa anayetaka sauti nzuri. Mwenye kelele achukue za kuziba, sijakataza.

Sikio la Kufa
Umesema kabatini.

Fundi Kimya
Kabla hamjashikana mashati: anayefuata ushauri wa Kapteni aangalie ohm, yaani ukinzani wa umeme wa hedifoni. Mfano DT 770 Pro, ya studio ingawa ni ya kuziba, inatoka ya ohm 32, 80 na 250. Ukichomeka ya 250 kwenye kontrola utasikia, ila sauti itakuwa kama inatoka nyumba ya jirani, mpaka uwe na kikuza sauti. Kwa kontrola, chukua ohm ndogo.

Jambo la pili, pini. Hesabu mistari kwenye pini ya milimita 3.5. Mitatu, ina maiki. Miwili, haina. Na zile za kompyuta zenye pini mbili tofauti, ya maiki na ya sauti, zinahitaji adapta ya kuziunganisha. Wanaoletewa hedifoni kwangu eti "maiki imekufa" wengi maiki zao ni nzima.

Chogo
Mmenikumbusha kitu kuhusu hedifoni za kuziba na maiki. Sikupanga kuandika ila ngoja.

Tulikuwa wanne usiku, timu yetu ya siku zote. Jamaa yetu mmoja ana mahedifoni makubwa ya muziki, yale yakikaa kichwani hata radi husikii. Hayana maiki, kwa hiyo tunamsikia kupitia maiki ya kontrola. Mnajua PS5, ukichomeka hedifoni zisizo na maiki, ile ya kwenye kontrola inaendelea na kazi.

Katikati ya mechi tunasikia kwake kitu kinakwaruza. Kwaru, kwaru. Mmoja wetu akamuuliza, mzee una mgeni? Akasema nipo peke yangu, shemeji yenu kasafiri. Tukaendelea. Mara bawaba ya mlango inalia. Halafu, wakuu, tukasikia sauti ya mtu ambaye si yeye, chini chini: "chukua na hiyo."

Sote tukapasuka kwa pamoja: "Geuka! Geuka nyuma!" Jamaa akamgeuza mtu wake wa kwenye gemu. "Nimegeuka, mbona hamna mtu?" Tunapiga kelele "nyuma yako!" naye anazungusha kamera tu, anatutukana kwamba tunampa taarifa za uongo. Mpaka mmoja akamwita jina lake kamili, la cheti cha kuzaliwa, akamwambia toa hedifoni kichwani sasa hivi.

Tukasikia kimya, halafu kishindo, halafu yeye anaunguruma sijui kwa lugha gani. Walikuwa sebuleni, yeye chumbani, mlango umeegeshwa tu. Wakakimbia na pasi na jozi ya viatu.

Mtoto wa Juma
"Nimegeuka, mbona hamna mtu" 😂😂😂 nimelia

Kobe
Hii chai. Tena ya mkandaa.

Chogo
Amini usiamini, silipwi.

Kapteni Benchi
Kitaalamu nina shaka. Maiki za ile kontrola zimeundwa kulenga mdomo wa mchezaji. Mtu anayenong'ona sebuleni mmemsikiaje?

Binti Risasi
Kaka Kapteni, mimi kwa wenzangu wanaotumia maiki ya kontrola nasikia vitufe, feni, jogoo, mpaka mtu anavyokuna kichwa. Mnong'ono mlangoni unafika bila nauli.

Sikio la Kufa
Mlango uliegeshwa, kasema. Soma kwanza.

Kapteni Benchi
Nimesoma.

Mtoto wa Juma
Wezi walikamatwa? Viatu je?

Chogo
Viatu ndivyo vinamuuma mpaka leo. Pasi hakuijali.

Mzee wa Kontrola
Vijana, kuna funzo la kiufundi hapo kabla hamjapotelea kwenye viatu. Kitufe cha kuzima maiki kwenye kontrola ya PS5 kikiwaka rangi ya chungwa, umezimwa. Kisipowaka, tunakusikia. Nimeshasikia ndoa ya mtu ikivunjika na kuunganishwa upya tukiwa tunasubiri mechi ianze, naye hajui. Siku ya pili anaongea nami kwa adabu, mimi macho siwezi kumtazama.

Na mwenye hedifoni za kuziba atafute zenye uwezo wa kujisikia sauti yako mwenyewe ukiongea. Bila hiyo unapayuka bila kujua. Nyumba nzima imelala, wewe unaamuru jeshi.

Bundi wa Usiku
Jamani turudi kwenye mada, wezi watapata uzi wao. Kuhusu ile "7.1", sauti ya kukuzunguka pande zote, inayoandikwa kwenye boksi, nani anaielewa? Mdogo wangu atauliza tu.

Fundi Kimya
Hedifoni nyingi za "7.1" zina spika mbili, moja kila sikio. Hiyo 7.1 ni hesabu za programu. PS5 inayo ya kwake, Tempest, inafanya kazi na hedifoni yoyote, hata za simu ukizichomeka kwenye kontrola. Xbox ina Windows Sonic ya bure, na Dolby Atmos for Headphones ambayo unalipia. Chagua moja. Ukiwasha ya konsoli na ya hedifoni kwa pamoja, hesabu inafanywa mara mbili, vishindo vinatoka ndani ya pipa.

Sikio la Kufa
Mimi nazima zote. Stereo tupu.

Kapteni Benchi
Hapa naungana na Sikio kwa mara ya kwanza.

Sikio la Kufa
Sitaki.

Kobe
Mimi nawasha zote na nashinda 😂

Mtoto wa Juma
Wakuu, yangu nikichomeka kwenye kontrola nasikia wenzangu wanaongea tu, gemu inabaki kwenye TV. Imekufa?

Fundi Kimya
Haijafa. Nenda mipangilio ya sauti, kwenye kinachopelekwa kwenye hedifoni toa "mazungumzo" weka "sauti zote".

Mtoto wa Juma
Imekubali!! Nimeishi hivi tangu niinunue.

Binti Risasi
Nyongeza kwa wenye konsoli mbili. Kabla ya kununua ya wireless, angalia imeandikwa inafanya kazi na ipi. Kidude cha PlayStation mara nyingi Xbox haikitambui kabisa. Kuna kampuni zinatoa toleo la Xbox linalokubali na PlayStation, kama hedifoni za Arctis Nova 7X. Ile 7P ni ndugu yake ila Xbox haiijui. Herufi moja tu kwenye boksi, na watu wanailipia machozi.

Shangazi Switch
Na sisi wa konsoli ya Nintendo Switch mtukumbuke. Tulipata Bluetooth ya sauti kwa sasisho la Septemba 2021. Maiki ya Bluetooth haifanyi kazi, na ukiunganisha hedifoni hizo kontrola zisizo na waya zinabaki mbili tu. Wanangu wanne, fanyeni hesabu wenyewe. Tumerudi kwenye waya.

Mzee wa Kontrola
Niseme na hili, mtanichukia. Punguzeni sauti. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kukaa nazo saa 40 kwa wiki, zikifika 90 ni saa 4. Kwa wiki, si kwa usiku mmoja. Mimi sikio la kulia linapiga filimbi saa zote, na hakuna dawa niliyopewa ya kuizima. Vishindo vya adui huvisikii kwa kupandisha sauti yote, unavisikia kwa kupunguza muziki wa gemu. Upo kwenye mipangilio, mahali pake peke yake.

Kobe
Pole sana mzee. Hapo sina utani.

Sikio la Kufa
Jina langu limeanza kuniogopesha.

Mtoto wa Juma
Chogo, yale mahedifoni ya jamaa yenu ni aina gani? Kama yanaziba kiasi hicho nayataka. Jirani yangu ana jenereta.

Chogo
Kayauza. Sasa anacheza kwa spika za TV, sauti ya chini, mlango kafunga komeo.

Kapteni Benchi
Angechukua za wazi.

Sikio la Kufa
Umeanza.

Shangazi Switch
Samahani kuingilia ugomvi wenu wa ndoa. Sponji za masikio zimeanza kubanduka, zinaniachia vipande vyeusi mashavuni. Nibadilishe sponji au ninunue mpya?

Fundi Kimya
Sponji tu, dada. Pima upana wa kikombe kwanza. Chukua za kitambaa, za ngozi bandia zitabanduka tena. Ukivaa miwani ndiyo kabisa, za kitambaa hazibani.

Binti Risasi
Ila za kitambaa sauti inavuja kidogo na besi inapungua. Usije ukasema hukuambiwa.

Shangazi Switch
Ninavaa miwani. Napima sasa hivi.