Tupeane uzoefu: siku ya kwanza ya kushua mashua ya mtumba

Mleta mada, Lamu:
Assalaam aleikum. Nimenunua mashua kuukuu kwa mvuvi wa Pate. Imekaa pwani msimu wote wa upepo wa kusi, mbao zimekauka hadi ncha ya kisu inapita kati ya ubao na ubao. Nataka kuishua majini msimu huu wa matlai, kabla upepo wa kaskazi haujaanza. Mliopitia haya, siku ya kwanza ilikuwaje?

Mvuvi, Matondoni:
Ndugu, itavuja, usishtuke. Chombo kikikaa juu mbao hunywea na pamba inayoziba kati ya mbao hulegea. Yangu fundi aliikalafati upya: pamba imelowa mafuta, anaisukuma kwa patasi na nyundo ya mti, na nikawa nasikia mlio ukibadilika kila pamba inaposhiba. Chini tukapaka shahamu na chokaa. Tukaishua maji yakijaa, tukaifunga pale pale, hatukwenda popote. Kulipokucha maji yamefika kwenye vibao vya kukalia! Tukayafua, tukayamwaga nje. Maji yalipojaa tena, kilichoingia ni kidogo, mbao zimevimba zimebanana. Ndipo nikatweka tanga, nikaenda Kipungani na kurudi, ndani ya mkondo tu. Ikiendelea kuvuja baada ya kulowa, kagua misumari na maungio ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa. Hapo huenda pamba peke yake isisaidie, ikabidi kubadilisha msumari au ubao.

Malindi:
Yangu ni ya faiba, mashine ya farasi 15. Faiba haivimbi, ikivuja ina ufa. Kabla sijalipa niligonga ubao wa nyuma unaobeba mashine. Mbao nzima hulia kavu, iliyooza hutoa mlio mzito hata kama rangi juu inang'aa. Huo ulikuwa mzima, nikalipa. Siku ya kwanza tulipokuwa bado karibu na pwani, mchirizi wa maji ya kupoza mashine ukakatika. Nikazima papo hapo, tukarudi kwa makasia. Njia ya maji ilikuwa imezibwa na mchanga. Kaskazi ikivuma tope la mto Sabaki hushuka mpaka ghuba yetu, kwa hiyo kila nikirudi naisafisha kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Bila makasia msitoke, tafadhalini.

Shela:
Badilisha jarari, kamba ya kupandishia tanga, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Yangu ilikatika mlangoni hapa, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikaja chini na tanga lake. Alhamdulillahi mabaharia wote walikuwa wamekaa joshini, upande unakotoka upepo.

Mama wa Faza:
Mimi sivui, lakini mashua ni mali yangu na mwanangu ndiye nahodha. Siku ya kushua, watu wamekusanyika, ndugu yake muuzaji akatokea akasema chombo ni cha urithi na yeye hajapewa haki yake. Nilisimamisha kila kitu. Tukaenda kwa wazee wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani, warithi wakaitwa, kila mmoja akapokea fungu lake na kutia sahihi. Safari ikachelewa, maji mazuri yakatupita, lakini sikukubali mwanangu aende baharini na chombo chenye manung'uniko. Halafu nikanunua maboya ya kuvaa, moja kwa kila kichwa.

Mleta mada, Lamu:
Mama, nashukuru sana. Aliyeniuzia alinitajia ndugu zake walioko Mombasa na mimi sikuuliza zaidi. Nampigia sasa hivi anipe namba zao. Pamba ya fundi itangoja.