Tupeane uzoefu: themodinamiki ya kemia ilikukaa kichwani lini?

Wakuu, habari za jioni. Namsaidia mdogo wangu wa kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia). Amekwama palepale nilipokwama mimi: maji kwenye kikombe yamepata moto, halafu jibu la enthalpia (ΔH, yaani joto ambalo kemikali inapokea au kutoa) linaandikwa hasi. Ananiuliza, "Kaka, joto si limeongezeka? Hasi inatoka wapi?" Mimi nilielewa siku niliyoyeyusha kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Ndoo ilichemka hadi nikashindwa kuishika. Hesabu tunaifanya upande wa kemikali, si upande wa kipimajoto. Kemikali imetoa nishati, kwake imepungua. Maji na ndoo ndio waliopokea. Wewe je?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mimi ni mbolea ya urea. Nilikuwa likizo, mzee akanituma niyeyushe kilo nzima kwenye maji kidogo. Nikakoroga kwa mkono, vidole vikaingia ganzi kama nimeshika maji ya friji, ndoo ikatoka jasho kwa nje. Nilikuwa nimekariri kwamba kitu hutokea chenyewe kwa sababu kinatoa joto. Hiki kinanyonya joto, na bado kinayeyuka chenyewe! Tulipofika kwenye ΔG = ΔH − TΔS nikaikumbuka ile ndoo: ΔG ikiwa hasi, kitu hutokea chenyewe; T ni halijoto kwa kelvini, ΔS ni badiliko la entropia, yaani mtawanyiko. Molekuli zilizojipanga ndani ya punje zimetawanyika majini, entropia imepanda, TΔS ikaizidi ΔH, ΔG ikawa hasi. Sikukariri tena.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu ni vipimo. Swali la mock: kalsiamu kaboneti inahitaji joto gani ili ivunjike? ΔH ni kilojuli 178 kwa moli, ΔS ni juli 161 kwa kelvini kwa moli. Pale ΔG inapofika sifuri, T ni ΔH gawanya kwa ΔS; nikagawanya 178 kwa 161 hivyohivyo, nikapata kelvini 1.1, nikapiga mistari miwili chini ya jibu. Na mimi ni mtoto wa pwani, nimekua naona matumbawe, ambayo ndiyo hiyo kalsiamu kaboneti, yakipangwa juu ya magogo na kuchomwa usiku kucha hadi yawe chokaa! Kelvini 1.1 ni nyuzi 272 chini ya sifuri ya Selsiasi. Geuza kwanza kilojuli ziwe juli: 178,000 gawanya kwa 161, unapata kelvini 1,106 hivi, karibu nyuzi 830 za Selsiasi. Hapo tanuri linaingia akilini. Vijana, enthalpia huja kwa kilojuli, entropia huja kwa juli. Msizichanganye.

Mchangiaji wa tatu:
Kwangu ni kanuni ya Hess ya 1840, kwamba njia ya mmenyuko haibadilishi jumla ya enthalpia. Nami ni mtu wa Moshi: upande Kilimanjaro kwa Marangu au kwa Machame, Uhuru ni mita 5,895 tu. Enthalpia inaangalia ulipoanzia na ulipofika.

Mtoa mada:
Asanteni sana. Nimemsomea dogo ile ya urea. Ameshatoka kwenda kuomba kiganja kimoja kwa jirani, kipimajoto na kikombe viko mezani vinamsubiri.