Mpishi akikutwa na homa ya ini B, aachishwe kazi? Tujadili

Mwanzisha mada:

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu wa kike ni mpishi. Mwezi uliopita alipata kazi kwenye hoteli moja hapa Dar. Siku ya 12 akaambiwa alete majibu ya choo, taifodi na homa ya ini B. Choo safi, taifodi hakuna, B ikasoma. Kesho yake meneja akamhesabia pesa zake za siku 12, akamwambia akatibiwe kwanza, akipona arudi.

Nina ugomvi na hicho kipimo. Homa ya ini ni jina moja lenye virusi vitano ndani yake: A, B, C, D na E. A na E zinapita kinyesi kwenda mdomoni, yaani maji machafu, mikono isiyonawiwa, chakula kilichoshikwa vibaya. B inapita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Huwezi kuipata kwa kula wali aliopika mwenye B, wala kwa kunywea kikombe kimoja naye. Kwa hiyo hoteli imempima mpishi ugonjwa ambao haupiti kwenye chakula, na ile inayopita haikuulizwa. Sikilizeni na hili: choo cha wafanyakazi wa jiko lile, siku zote 12, hakikuwa na sabuni. Hata kipande.

Wanaodhani E ni jambo dogo wakumbuke Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Kuanzia 2007 watu zaidi ya 10,000 waliugua, wengi wakiwa kambini kwenye shida ya maji na vyoo. E ikimkuta mjamzito wa miezi ya mwisho inaweza kumuua.

Sasa vukeni barabara mbele ya hoteli hiyo hiyo. Kuna kinyozi. Akimaliza kichwa anapuliza nywele kwenye mashine, anaipangusa na kitambaa kile kile, "karibu bosi". Kirusi cha B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7. Yule hakuna aliyemwambia alete cheti wala achemshe kitu.

Hoja yangu: hoteli zikatazwe kudai kipimo cha B kwa wapishi. Anayetaka kupambana na B kweli aanzie leba. Mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, uwezekano wa kubaki nayo maisha yote ni karibu 90%, mtu mzima ni chini ya 5%. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Ripoti yao ya 2024 inasema Afrika ina 63% ya maambukizi mapya ya B, na watoto wanaopata dozi hiyo ya kuzaliwa ni 18% tu. Kwenye kadi ya mwanangu chanjo ya kwanza yenye homa ya ini ni pentavalenti ya wiki ya 6. Wiki sita!

Karibuni, ila tusitukanane.

Mwenye mgahawa:

Mkuu, mpe pole dada yetu. Lakini wewe hujawahi kusimamia jiko. Kwangu haipiti wiki mtu hajajikata akimenya viazi. Damu ikidondokea kachumbari utaniambia nini? Na mteja akisikia mpishi ana homa ya ini hatauliza ni herufi gani. Anahama. Mimi nina watu tisa wanaokula kupitia mgahawa ule.

Mwanzisha mada:

Bosi, kachumbari yenye damu unaimwaga, ubao unaoshwa kwa klorini, kidole kinafungwa na glavu inavaliwa juu. Awe na B asiwe nayo. Au damu ya mpishi asiye na B wewe unaipeleka mezani?

Mgeni jukwaani:

Samahani, homa ya ini ndiyo homa ya manjano?

Muuguzi wa leba:

Hapana, mwanangu. Homa ya manjano inaletwa na mbu, ndiyo ile ya kadi ya njano ya wasafiri. Macho kuwa manjano yanaweza kutokea kwa zote mbili, ndipo watu wanapochanganya.

Mwanzisha mada, kuhusu kumfukuza nipo na wewe. Lakini unavyokisema kipimo utafikiri ndicho kilichomkosea mdogo wako. B inakaa mwilini miaka na mtu analima, anazaa, anacheza ngoma. Wodini wanakuja tumbo limejaa maji, ini limesinyaa au limeshaota saratani, na juu ya tumbo zimepangwa chale za mganga. Mdogo wako amejua mapema. Sasa apimwe wingi wa virusi na hali ya ini. Wengine hawahitaji dawa kwa wakati huo, wanafuatiliwa kliniki. Wanaohitaji wapo wanaopewa tenofovir, dawa hiyo hiyo iliyomo kwenye ARV. Inakishikilia kirusi, kwa kawaida haikimalizi, kwa hiyo "akipona arudi" ni kumfukuza kwa adabu.

Mimi ningesema kipimo kiwepo, majibu yawe yake na daktari wake. Meneja asiyaone.

Niko Muscat:

Dada muuguzi, huku Ghuba hayo hayapo. Kabla ya kupanda ndege unapimwa, ukiwa na B au C unaandikwa hufai, basi. Siku yangu tulikuwa sita, mmoja akarudi kwao na hela ya wakala imeshaliwa. Alikuwa ameuza mbuzi wote wa mama yake. Kwa hiyo mimi naunga mkono kupima, tena mapema, mtu ajue kabla hajauza mbuzi.

Mwenye mgahawa:

Mnaona? Hata Waarabu wanakataa.

Mpenda sheria:

Kukataa kwao hakuigeuzi B ikapita kwenye biriani. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja VVU/UKIMWI kwenye sababu zilizokatazwa za kumbagua mfanyakazi. Homa ya ini haikutajwa kwa jina. Pengo hilo ndilo meneja kapita nalo. Mngedai liingizwe, badala ya kubishania kachumbari.

Muuguzi wa leba:

Mwanzisha mada, swali langu kwako. Mtu mzima mwenye B sugu mara nyingi aliipata utotoni, kwa mama au kwa watoto wenzake. Wewe na mdogo wako ni mama mmoja?

Mwanzisha mada:

Mama mmoja, kitanda kimoja mpaka darasa la tano. Na wembe mmoja wa kunyolea, Jumapili asubuhi, tunapanga foleni kuanzia mkubwa.

Muuguzi wa leba:

Umepima?

Mwanzisha mada:

Bado.

Muuguzi wa leba:

Nenda kesho, na mama muende naye. Asiye nayo na hana kinga achanjwe: leo, baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Mkeo na mtoto pia wapimwe. Halafu urudi hapa tuendelee kubishana.

Mwenye mgahawa:

Na mimi naja kupima, ila msimwambie mteja.