Injini ya mvuke uani imekuwa nzito, ni maji ya kisima au reli?

reli_ya_uani (Fuoni)

Asalaam alaykum wakubwa. Ami yangu karudi kutoka Uingereza kaniletea injini ndogo ya treni, siyo ile ya betri, hii ni ya mvuke khasa, unatia maji kwenye boila unawasha gesi yanachemka na inakwenda kwa pistoni zake. Reli yake ya upana wa milimita 45, nimeitandika uani duara moja, inazunguka mnazi inapita ubavuni mwa karo inarudi. Ikifika saa kumi jioni watoto wa mtaa mzima wako kwangu.

Sasa mwanzo ilikwenda vizuri sana, geji inafika pauni 40 na sefti valvu inapuliza. Siku hizi inachukua muda mrefu kupata presha, ikifika 20 inagoma hapohapo, na ile valvu imeanza kuvuja ina unga mweupe pembeni. Nataka kuikaza springi kidogo isivuje, naomba ushauri. Halafu kuna jambo jengine, karibu na karo inasimama kabisa, nikiisaidia kwa mkono inatoka mbio upande wa pili mpaka nahisi itaruka reli. Maji natia ya kisima, mafuta natia haya ya pikipiki. Jirani yangu ananicheka ati treni na Unguja wapi na wapi, tafuta ya betri upumzike.

chumvi_ya_ndimu

Waalaykum salaam. Shekhe kabla ya yote SIKAZE hiyo springi. Valvu ile ndo inayokuzuia usipasukiwe na boila mbele ya watoto wa watu, mtengenezaji kaiseti kwa presha anayoijua yeye. Inavuja kwa sababu ina uchafu kwenye kikalio chake, basi unaisafisha, huikazi.

Uchafu wenyewe ni chokaa. Kisiwa chetu chini ni mawe ya matumbawe, maji ya kisima yanapita humo yanatoka nayo, tazama birika lenu la chai ndani utaona. Sasa kwenye birika unakwangua, kwenye boila ya shaba huwezi kuingiza mkono, ule ukoko unakaa baina ya moto na maji, joto halipiti, gesi inakwisha na geji bado iko 20. Ndo hayo yaliyokupata.

Dawa yake iko duka lolote la viungo, chumvi ya ndimu. Koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye maji ya vuguvugu, tia kwenye boila ikiwa baridi na USIWASHE MOTO, iache saa moja mbili, mwaga, utaona yanatoka meupe yana chengachenga. Suuza kwa maji safi mara kadhaa mpaka uhakikishe hamna ukali umebaki. Valvu ifungue iroweke pembeni kwenye maji hayohayo kisha isuuze, na kile kioringi chake, yaani kipete cha mpira, kama kimekuwa kigumu badilisha, taka cha mpira wa vitoni maana cha kawaida hakistahamili joto.

Kuanzia hapo tia maji ya mvua tu, kinga wakati wa masika, siyo ya mwanzo yanayoosha bati, ngojea paa lisafike kwanza, kisha chuja kwa kitambaa. Boila yenyewe ndogo, ndoo moja itakuchezesha muda mrefu.

kaka_mkubwa_mlandege

Mambo mengi ya nini, tia maji ya chupa ya dukani, yale si yameshasafishwa.

chumvi_ya_ndimu

Yamesafishwa ya kunywa kaka, madini yake bado yamo, soma karatasi ya chupa yameandikwa. Utapata ukoko uleule ila kwa bei ghali zaidi. Na kabla hajatokea wa kusema maji ya betri, kuweni na hadhari, huku ukitaja maji ya betri dukani unaweza ukapewa asidi. Hata ukipewa yale ya kuongezea yenyewe, kama yameondolewa madini kwa mashine bila kuchemshwa, watengenezaji wengi wa injini hizi hawayapendi maana yanakula shaba nyeupe polepole. Ya mvua basi, au yaliyokingwa kwa mvuke.

mpemba_wa_wawi

Habari zenu. Mie niko Chake, nimekua jirani na kiwanda cha makonyo Wawi kule wanakokamua mafuta ya karafuu kwa mvuke, kwa hiyo mambo ya boila sikuyaanzia kwenye mtandao. Aliyosema mwenzangu juu ya maji ni sawa, lakini mbona hakuna aliyeshtuka kuhusu mafuta ya pikipiki?

Skiza ndugu yangu. Kwenye injini yako kuna kikopo kidogo chenye kifuniko cha skrubu, aghlabu kiko ndani ya kibanda cha dereva. Mvuke kidogo unaingia humo, unapoa unageuka maji, maji mazito yanakwenda chini, mafuta yanapandishwa juu yanachukuliwa na mvuke mpaka kwenye silinda. Hakuna pampu hapo wala nini, ni maji kuyasukuma mafuta tu. Sasa mafuta ya pikipiki yana dawa zake za kuoshea injini ya petroli, yakikutana na mvuke yanavurugika yanakuwa kama maziwa, silinda inabaki kavu inakwanguana. Ukiona kwenye dohani inarusha ujiuji mweupe ndo hayo.

Yanayotakiwa ni mafuta ya silinda za mvuke, mazito, daraja la 460. Dukani kwa spea za magari hutayapata, waulize wauzaji wa vilainishi vya viwandani Dar, au yule ami yako akija tena akuletee kichupa, kinakaa sana. Kila ukimaliza kuendesha fungua kile kikopo injini ikishapoa, nyonya maji yaliyokaa chini kwa sirinji, jaza mafuta mapya. Wengi wanaruka hatua hii wanasema injini mbovu.

Na ukiwasha ikiwa baridi isukume kwa mkono mbele na nyuma kidogo, maji ya mvuke uliopoa kwenye silinda yatoke. Boila nayo usiijaze pomoni, ijaze kisha vuta kama mililita 30 kwa sirinji ipate nafasi ya mvuke, la sivyo itakurushia maji ya moto kutoka kwenye dohani.

pima_maji

Hakuna aliyejibu la reli basi nalisema mie. Hapo karoni pana kilima, kwisha. Injini hizi kama hazina rimoti unaweka mvuke mara moja halafu zinakwenda kwa nguvu ileile, zikipanda zinazimika zikishuka zinakimbia. Chukua behewa tupu liweke juu ya reli pahala pahala, likitembea lenyewe umeshapajua. Kisha pima maji lako la ujenzi, usikubali zaidi ya sentimita moja kwa kila mita, na ikiwezekana isiwepo hata hiyo.

Umeitandika juu ya mchanga mtupu naona. Masika ikija itakuchukulia yote, na maji ya karo yanamwagika hapohapo kila siku ndo maana pamedidimia. Ingekuwa kwangu ningeiinua juu ya matofali usawa wa kiuno, unawasha gesi bila kuinama, kuku hawapiti, na mtoto haigusi boila bila ya wewe kumuona. Kama reli hazitoshi usihangaike kuagiza zote, moto ndo unaoiendesha siyo umeme, kwa hiyo hata aluminiamu ya bapa iliyosimamishwa kwenye mbao zilizochanwa inafaa, muhimu milimita 45 ndani kwa ndani. Chuma cha kawaida usitie, hewa ya chumvi ya huku itakitafuna.

reli_ya_uani

Wallahi nimefaidika. Chumvi ya ndimu natafuta leo, springi siigusi. Suala la mwisho, gesi. Nina mkebe wa kujazia viberiti, ndo hiyohiyo? Na mbona mchana moto unanguruma sana kisha unaruka na kuzimika, jioni unatulia?

mpemba_wa_wawi

Ndo hiyo, butani. Kwao Uingereza wanalalamika baridi inaua gesi, wewe shida yako ni kinyume, tanki likikaa juani presha inapanda, kwa hiyo fungua kidogo sana kuliko kitabu kinavyosema na uiwashe kivulini. Jaza tanki mkebe ukiwa kichwa chini, mbali na moto, na injini iwe imepoa, usijaze karibu na injini nyengine inayowaka hata siku moja. Na gesi usiikate njiani ukaongeza, iache iishe yenyewe, nyingi zimepangwa gesi iishe kabla ya maji ili boila isiungue kavu. Mpangilio wake mafuta, maji, gesi ya mwisho.

bububu_njia_nne

Mie sina injini nimependa mazungumzo tu. Huyo jirani anayesema treni na Unguja wapi na wapi mwambie Seyyid Barghash, Sultani wa zamani wa Zanzibar, alikuwa na reli yake mpaka Chukwani, akaagiza na injini ndogo ya mvuke kwa Bagnall wa Uingereza mwaka 1881. Halafu 1905 kampuni ya Wamarekani ikatia reli ya Bububu, maili 7 kutoka mjini, ikabeba abiria mpaka miaka ya 1920. Pale Ngome Kongwe ndo palikuwa na treni.

reli_ya_uani

Jirani nimemsomea, kanyamaza kidogo halafu kauliza kama anaweza kuja kuiwasha yeye. Nimemwambia kwanza anisaidie kubeba matofali.